MALI BILA DAFTARI: Tujifunze kuhesabu mshahara kwa kompyuta



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la viwanda na mashamba mengi limo ndani ya kompyuta. Mchumaji chai hupimiwa majani yake, karani huandika tarakimu, na mwisho wa mwezi mfanyakazi hupewa karatasi yenye jumla chini. Wengi wetu huitazama jumla ile, tukaikunja na kuitia mfukoni. Twadhani kwamba maadamu mashine imehesabu, hakuna la kuuliza.

Dhana hiyo si sahihi. Kompyuta haijui haki wala dhuluma. Hufanya lile ililoandikiwa na mtu, wala halizidishi. Basi mfanyakazi naye ajifunze kuiandikia.

LUGHA YENYEWE

Zipo lugha nyingi za kuiamuru kompyuta. Hapa twatumia Python, iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum mwishoni mwa mwaka 1989 na kutolewa kwa watu mwaka 1991. Hailipiwi, na zipo programu za kuiendesha hata kwenye simu. Maneno yake machache ni ya Kiingereza, lakini majina ya vitu unavyohesabu unayachagua mwenyewe. Kwa hiyo mkaaji wa Jabe, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani kama ilivyo Buyenzi na Bwiza, ataandika kwa Kiswahili chake.

Jambo la kwanza kujua ni kigeugeu. Usicheke jina: ni sanduku lenye jina, ambalo kilichomo ndani chaweza kubadilishwa. Ukiandika siku = 26, alama ile = haiulizi kitu. Yaamuru: tia 26 katika sanduku liitwalo siku. Jina lisiwe na nafasi katikati. Tumia kistari cha chini, kama bei_ya_kilo. Kuzidisha ni *, kugawanya ni /, na print humaanisha "nionyeshe".

ZOEZI LA KWANZA: KIMA CHA CHINI

Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara nchini Burundi kiliwekwa kuwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na Gitega, na faranga 105 mahali pengine. Zaidi ya miaka 30 baadaye vyama vya wafanyakazi vilikuwa bado vinadai kibadilishwe. Andika:

kima = 160
siku = 26
print(kima * siku)

Mashine itajibu 4160. Hizo ndizo faranga za mwezi mzima. Sasa tengeneza sanduku la tatu, liite bei, ulitie bei ya kilo ya maharagwe uliyolipa wewe sokoni wiki hii. Kisha andika print(bei / kima). Jibu ni idadi ya siku ambazo mtu wa kima kile angefanya kazi ili apate kilo moja. Badili 160 iwe 105, uendeshe tena. Umegusa mahali pamoja tu, na hesabu yote imebadilika. Bei ya soko ni kigeugeu kweli kweli; kima kile kiliachwa kama jiwe.

ZOEZI LA PILI: NUSU KILO

Tuseme mizani yasoma kilo 37 na nusu, na karani anaandika 37. Nani atagombana kwa nusu kilo? Hesabu kwanza kwa kalamu, kisha:

mizani = 37.5
daftari = 37
print((mizani - daftari) * 26)

Jibu ni 13.0. Ikiwa ni hivyo kila siku, kilo 13 za majani zimepotea kwa mwezi mmoja, kwa mchumaji mmoja. Zidisha kwa idadi ya wachumaji wa kikosi chako.

Angalia nukta. Tuliofundishwa kwa Kifaransa huandika 37,5 kwa mkato. Python ikiona mkato huo huhesabu kwamba umeipa namba mbili, 37 na 5. Vivyo hivyo, ukiandika 150.000 kwa maana ya laki moja na nusu, itasoma 150 tupu. Andika 150000 bila alama yoyote.

ZOEZI LA TATU: MABANO

Mfano: saa moja ya kazi ni faranga 600, nyongeza ya saa za ziada ni asilimia 50, nawe umefanya saa 10 za ziada. (Viwango vyako vitafute katika mkataba na sheria.)

saa = 10
malipo = 600
nyongeza = 50
print(saa * (malipo + malipo * nyongeza / 100))

Jibu ni 9000.0. Sasa ondoa mabano ya ndani:

print(saa * malipo + malipo * nyongeza / 100)

Jibu ni 6300.0. Python huzidisha na kugawanya kabla ya kujumlisha. Kwa hiyo nyongeza imehesabiwa kwa saa moja badala ya kumi. Tarakimu zote ni zile zile, masanduku ni yale yale, lakini faranga 2700 hazipo. Mashine haikukosea. Aliyeandika ndiye aliyekosea, na karatasi itatoka safi kama kawaida.

LA KUFANYA

Wenye simu inayofaa wakae na wasio nayo, watu watatu au wanne, wafanye mazoezi haya kwa karatasi zao wenyewe za mshahara. Kila mstari wa karatasi ni sanduku: siku, kiwango, saa za ziada, makato. Sanduku usilolijua, uliza jina lake na kilichomo. Jumla yako ikipishana na ya ofisi, rudia hesabu mara ya pili mbele ya mwenzako. Ikizidi kupishana, mpelekee mjumbe wa wafanyakazi hesabu yenyewe ikiwa imeandikwa mstari kwa mstari. Mtu anayesema "naona pesa ni kidogo" huambiwa arudi kesho. Anayeonyesha mahali mabano yalipokosekana, lazima ajibiwe.