Je, Wajua? Dawa ya Msongo Iliyopimwa West Nile

Mwanafunzi anayetoka Yei, Sudan Kusini, kwenda kusoma Arua, Uganda, hupita Koboko, na hapo bado husikia Kikakwa cha kwao, kwani Wakakwa wanaishi Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ugeni humkaba mbele kidogo: Arua mjini, sokoni ni Kilugbara na darasani ni Kiingereza.

Je, wajua kwamba mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kukabili msongo, ambao ugeni kama huo huweza kuuleta, ilipimwa katika eneo hilohilo la West Nile? Ni katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Waliopewa mafunzo walikaa kwa vikundi, vipindi 5 tu, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kufuata kijitabu cha picha. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Mafunzo mafupi yalimtosha. Miezi 3 baadaye, msongo wa waliopewa mafunzo ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao wasioyapata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Kilichowezekana kambini huenda kikawezekana chuoni pia. Wewe unayeishi na mwanafunzi mgeni bwenini, mwulize analalaje siku hizi, kisha msindikize kwa mshauri wa wanafunzi.