Fahamu: Kiu Isiyokatika na Maradhi Mawili Yanayofanana

Mtu wa Kisiwa Panza, akiona kiu yake haikatiki na haja ndogo inamwamsha usiku kucha, aghalabu hudhani ni taabu ya jua na chumvi ya bahari, ilhali yamkini ni maradhi ya homoni. Mashuhuri ni kisukari: kongosho hushindwa kutoa insulini ya kutosha, au mwili hauitii, sukari ikajaa damuni, na figo zikaimwaga pamoja na maji. Ya pili, nadra mno, huzuka ubongo unapokosa kutoa vasopresini, homoni iamrishayo figo kuhifadhi maji; mkojo hapo hutoka mwingi, mweupe, usio na sukari, na kumnyima mgonjwa huyu maji ni kumhatarisha.

Insulini ya kutibu kisukari, aliyodungwa mgonjwa kwa mara ya kwanza huko Toronto mwaka 1922, hutaka akiba yake ihifadhiwe baina ya nyuzi 2 na 8, nalo ni sharti zito kwa kisiwa ambacho safari ya kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, huanzia chomboni. Na kwa kuwa saumu huzuia chakula na maji mchana, kabla ya Ramadhani mgonjwa na amwendee tabibu, kwani sheria ya Kiislamu yenyewe imemruhusu aliye mgonjwa kula.