Dozi ya Mwaka Gani?

Mtoto ana kilo 14 na malaria kali. Daktari ameandika artesunate ya sindano, na kama mambo yanavyokwenda mara nyingi Lubumbashi, mzazi ametumwa akanunue vichupa nje ya hospitali. Tuseme ameingia famasi ya Karavia, upande ule wa ziwa, uwanja wa gofu na hoteli kubwa yenye jina la mtaa. Aliye nyuma ya kaunta, awe mfamasia au muuzaji tu, ataitwa docta. Docta huyu ana kitabu kilichochakaa kinachosema miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, na ana simu inayosema 3. Kwa kitabu, sindano moja ya mtoto ni miligramu 33.6. Kwa simu, ni 42.

Hakuna aliyedanganya hapo. Namba zote mbili zilitoka Shirika la Afya Duniani, WHO, na kila moja ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Hadi 2015 dozi ilikuwa moja kwa wote, mkubwa na mdogo. Kisha watafiti waliopima kiasi cha dawa katika damu ya watoto wa Afrika wakaona kwamba mwili mdogo huiondoa artesunate haraka zaidi, kilo kwa kilo, kuliko mwili wa mtu mzima. Kwa hiyo 2.4 ile ile ilikuwa inawapunja wadogo. Toleo la tatu la mwongozo wa malaria wa WHO, la mwaka 2015, likapandisha dozi hadi 3 kwa watoto wasiofika kilo 20.

Kichupa cha artesunate kimepigwa chapa ya tarehe ya kuisha, na mkaguzi akikikuta kimepitwa atakitoa kwenye rafu. Ukurasa unaoeleza namna ya kukitumia nao huchacha, ila hakuna anayeukagua. Ndiyo maana nadhani swali ambalo wanafunzi wa famasia huuliza kila mwaka, “kitabu gani ni kizuri?”, limeanzia pabaya. Afadhali kuuliza jibu hili ni la mwaka gani, liliandikwa kwa ajili ya nani, na nani alilipia wino.

Tuanze na jinsi jibu linavyozaliwa. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Jaribio lililoitwa AQUAMAT, ambalo matokeo yake yalitoka 2010, liliwagawa kwa bahati nasibu watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika: wengine wakapewa kwinini, wengine artesunate. Kinshasa ilikuwamo, Korogwe na Muheza za Tanzania zilikuwamo, na Kilifi ya Kenya pia. Upande wa kwinini walikufa asilimia 10.9, upande wa artesunate asilimia 8.5. Namba hizo mbili ndizo zilizobadilisha miongozo ya dunia. Mtu wa Lubumbashi asidhani basi kwamba mwongozo wa WHO ni karatasi ya Geneva iliyoshushwa toka mbali. Sehemu ya ushahidi wake ililala vitandani Kinshasa.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi ni jambo jingine. Wengi huiamini kuliko kitu chochote kwa sababu imekuja na dawa yenyewe. Lakini ile ni hati ya kampuni iliyokubaliwa na mamlaka ya udhibiti ya nchi fulani, na kuibadilisha ni safari ya kisheria. Chukua mjamzito wa miezi miwili mwenye malaria isiyo kali. Mwongozo wa zamani ulisema kwinini na klindamisini kwa siku saba. Novemba 2022 WHO ilipendekeza artemether-lumefantrine hata katika miezi mitatu ya kwanza. Ukifungua boksi la dawa hiyo leo, waweza kukuta karatasi inayoonya isitumike katika kipindi hicho hicho. Anayesoma karatasi peke yake atamnyima mama dawa ambayo ushahidi unamruhusu kuinywa, na atalala akiamini kwamba amekuwa mwangalifu.

Nani amelipia? Wafaransa wanatupa mfano mzuri. Kitabu kinene cha Vidal kilianza 1914, na msingi wake ni maelezo rasmi ya dawa yanayotoka kwa watengenezaji na kupitishwa na mamlaka. Kinafaa sana ukitaka kujua kidonge kina nini ndani, viambata vyake, namna ya kukihifadhi. Hakikukusudiwa kukuambia kwamba dawa fulani haina faida kuliko ile ya bei nafuu iliyo karibu yake. Kazi hiyo imefanywa na jarida la Prescrire tangu 1981, ambalo halichukui tangazo hata moja, linaishi kwa ada za wasomaji, na kila mwaka hutoa orodha ya dawa ambazo linaona ni heri kuziepuka. Vidal haisemi uongo. Kila kimoja kina swali lake, na aliyekwenda kwa Vidal na swali la Prescrire atarudi na jibu safi la swali jingine.

Halafu kuna suala la rafu. BNF, kitabu cha dawa cha Waingereza kinachotoka tangu 1949, ni kazi ya heshima kubwa, lakini imeandikwa kwa dawa zinazouzwa Uingereza. Tovuti za Marekani hali kadhalika. Karavia dawa zinaingia kwa njia nyingi, nyingine zikivuka Kasumbalesa kutoka Zambia na maandishi ya Kiingereza, nyingine zikishuka na maandishi ya Kifaransa. Jina la biashara ni mtego hapa. Flomax ya Marekani ni tamsulosin, dawa ya wazee wenye shida ya kukojoa. Flomax ya Italia ni morniflumate, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Tangu miaka ya 1950 WHO imekuwa ikitoa jina moja la kimataifa kwa kila kiini cha dawa, lile ambalo madaktari wetu wanaliita DCI, na utafutaji wowote usioanzia hapo umeanza na bahati nasibu. Hata hivyo Mmarekani bado anaandika acetaminophen pale ulimwengu mwingine unapoandika paracetamol.

Na wataalamu wakubwa nao hawakubaliani. Metamizole, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Novalgine, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1977 kwa sababu inaweza, kwa nadra, kuangusha chembe nyeupe za damu. Ujerumani inauzwa kwa karatasi ya daktari. Brazili mtu anainunua bila kuulizwa chochote. Mfamasia anayekuta vyanzo vitatu vinapishana hivyo asihesabu kura. Atazame kila nchi ilipima hatari ipi dhidi ya faida ipi, na ilikuwa na dawa gani mbadala.

Kama ningelazimika kuchagua vitu vya kuweka kwenye famasi yenye umeme wa kubahatisha na bando ghali, ningeanza na miongozo ya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF: ule wa dawa muhimu na ule wa tiba. Ipo kwa Kifaransa, ni bure, iliandikwa kwa ajili ya vituo vinavyofanana na vyetu, na programu yake ikishapakuliwa kwenye simu inafanya kazi bila mtandao. Juu yake ningeweka orodha ya taifa ya dawa muhimu na miongozo ya wizara, kwa sababu ndiyo inayosema nchi imeamua nini. Orodha mfano ya WHO, iliyoanza 1977, hupitiwa kila baada ya miaka miwili, na tangu 2017 imepanga antibiotiki katika makundi matatu: za kutumia kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Kitabu kilichotoka 2022 kinaeleza makundi hayo ugonjwa kwa ugonjwa. Kwa mfamasia anayeombwa ceftriaxone kila kukicha, hicho kinafaa kuliko makala mia za majarida. Majirani nao wana vyao vinavyosomeka bure: Tanzania ina mwongozo wake wa tiba uliounganishwa na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021, na Uganda ina wake.

Majarida yenyewe hayajafungwa kabisa. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa 2002 na WHO pamoja na wachapishaji, unazifungulia taasisi za nchi maskini, Kongo ikiwemo, maelfu ya majarida. Lakini mlango ni wa taasisi. Mwenye famasi yake binafsi hana budi kujuana na maktaba ya chuo kikuu au hospitali iliyojiandikisha. Kuhusu programu za simu zinazojibu kila swali kwa sentensi nzuri, neno langu ni fupi: jibu lisiloonyesha limetoka ukurasa upi na mwaka upi, liambie likuonyeshe kwanza.

Lakini kuna swali ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulijibu. Mwishoni mwa 2014, kaskazini mashariki mwa Kongo, Ituri, watu walianza kufika vituo vya afya shingo zimepinda, macho yamegeukia juu, ulimi nje. Wengi walikuwa watoto. Shingo ngumu katika nchi hiyo humfanya mganga afikirie homa ya uti wa mgongo, na ndivyo ilivyodhaniwa mwanzoni. Hadi Agosti 2015 walikuwa wamelazwa watu zaidi ya elfu moja. Maabara zilipopima, jibu lilikuwa kwenye vidonge vya manjano vilivyouzwa kama diazepam: ndani hamkuwa na diazepam bali haloperidol, miligramu 10 hadi 20 kwa kidonge.

Haloperidol ni dawa ya magonjwa makali ya akili. Huziba vipokezi vya dopamini katika ubongo, na vikizibwa ghafla, misuli ya uso na shingo hukosa uratibu na kujikaza yenyewe. Vijana na watoto ndio wanaopatwa upesi zaidi. Maelezo haya yote yamo katika kitabu chochote cha dawa, kwenye ukurasa wa haloperidol, na tiba yake ipo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kufungua ukurasa huo. Kopo lilisema diazepam. Na kejeli yenyewe ni hii: diazepam ya kweli ni miongoni mwa dawa zinazoweza kulegeza misuli ya namna hiyo, kwa hiyo mtu mwenye kitabu sahihi na kopo la uongo angeweza kumwongezea mgonjwa sumu ile ile akidhani anamtibu.

Basi famasi haichoti habari tu. Inazitoa pia. Kongo iliingia mwaka 2010 katika mpango wa WHO wa kufuatilia usalama wa dawa. Kituo cha taifa kiliwekwa Chuo Kikuu cha Kinshasa, na ripoti za nchi wanachama hukusanywa Uppsala, Sweden, ambako kompyuta hutafuta mafungamano ambayo mtu mmoja hawezi kuyaona. Ripoti moja ya shingo iliyopinda ni kisa tu. Ripoti ishirini za wiki moja, zote zikitaja diazepam, zinatosha kumfanya mtu asimame.

Fomu ya ripoti huuliza jina la dawa, dozi, siku ya kuanza, dalili, na namba ya toleo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotofautisha maudhi ya dawa halali na sumu iliyo katika kopo moja. Nayo ndiyo inayopotea mara nyingi, kwa sababu vidonge vya kopo la elfu moja huhesabiwa mezani, vikafungwa kwenye karatasi, na mama akaondoka navyo bila namba, pengine bila hata jina. Vidonge vya Ituri vilikuwa vya makopo ya namna hiyo.