Kiyoyozi Kinavyokufa kwa Baridi ya Tukuyu

Mtu anayeishi Makandana, mjini Tukuyu, anaweza kuendesha pikapu yake miezi mingi bila kugusa kitufe cha AC, na hakuna atakayemlaumu. Mji wa Tukuyu umekaa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ikifika Juni na Julai sweta halivuliwi hadi jua lipande. Kinachotafutwa ndani ya gari asubuhi ni joto. Kisha siku moja pikapu hiyohiyo inateremka Kyela kufuata mpunga au kakao. Barabara inashuka takriban mita elfu moja katika mwendo wa saa moja hivi, na dereva anapokaribia tambarare za Ziwa Nyasa shati limeshagandamana na kiti. Anabonyeza kitufe. Feni inavuma, upepo unatoka, ubaridi haupo. Anatoa kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi na kukuta waranti imekwisha miezi michache iliyopita.

Hapo ndipo matumizi yanapoanza, na mara nyingi yanaanza vibaya. Naamini wamiliki wengi wa pikapu katika wilaya hii ya Rungwe wanalipia ugonjwa mmoja mara tatu au nne, na kinachowaponza ni imani kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kama dizeli.

Gesi ile haichomwi wala hailiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile siku zote. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, inaikandamiza mpaka inapata moto. Gesi hiyo ya moto inapita kwenye kondensa, ule wavu uliopangwa mbele ya rejeta, inaachia joto lake kwenye upepo na kugeuka kimiminika. Kimiminika kinapenyezwa kwenye tundu dogo la valvu, shinikizo linaporomoka, nacho kinachemka ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Gesi ya R134a, inayotumiwa na pikapu nyingi zilizoko barabarani kwetu, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa wazi, na katika kuchemka huko hufyonza joto la kabini. Mzunguko ukifungwa sawasawa, gesi iliyotiwa kiwandani hupungua taratibu mno na hudumu miaka mingi. Kwa hiyo fundi akikuambia, “Bosi, gesi imeisha, tujaze tu,” muulize kwa upole, “Sawa fundi, imetokea wapi?” Kama hana jibu, hela yako inakwenda kupuliziwa hewani.

Huku kwetu mahali inapotokea mara nyingi panahusiana na baridi yenyewe. Mbele ya kompresa pana sili inayozuia gesi isipite pembeni mwa shafti. Sili hiyo hulainishwa na oili, na oili ya kiyoyozi haina pampu yake, husafiri pamoja na gesi. Pikapu ikikaa tangu Mei hadi Septemba bila AC kuwashwa, oili inatulia chini, sili inakauka, na gesi inaanza kuponyoka kidogo kidogo. Ndiyo maana gari la Tukuyu linaweza kupoteza gesi nyingi kuliko gari la Dar es Salaam linalowasha AC kila siku. Kinga yake ni dakika kumi za kuwasha AC kila wiki, hata kama nje kuna ukungu na umeweka hita.

Na kweli, ukungu ndio wakati wa kuwasha. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linahusu uhai. Anayepanda kwenda Mbeya anajua baridi na mawingu ya Isyonje, kioo cha mbele kinavyojaa mvuke wa pumzi za abiria watatu na makoti yao yaliyolowa, dereva akifuta kwa kitambaa huku lori la ndizi likija kutoka upande wa pili. Kiyoyozi hukausha hewa: unyevu unagandamia kwenye evaporeta na kudondoka nje kama maji, kisha hewa hiyo kavu inapitishwa kwenye hita na kupulizwa kiooni. Kioo kinang'aa kwa muda mfupi. Hita peke yake huchukua muda mrefu zaidi, hasa hewa ya ndani inapozungushwa ileile. Anayesema AC ni anasa ya watu wa Pwani ajaribu kuendesha usiku wa mvua kutoka Kiwira, akiwa na kiyoyozi kizima na akiwa bila.

Tuje gereji. Kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua valvu za gesi, kuna mambo ya kukagua ambayo hayana gharama. Washa injini na AC, fungua boneti, shika kwa uangalifu bomba nene la aluminiamu linalorudi kwenye kompresa kutoka kwenye kabini. Likiwa baridi na linatoa jasho, wakati ndani hakuna ubaridi, basi gesi inafanya kazi na tatizo liko ndani ya dashibodi. Huenda filta ya kabini imejaa vumbi na majani. Huenda kile kibao kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kimekwama katikati, jambo lisilo la ajabu kwa gari ambalo swichi yake ya hita imekaa upande wa joto mwaka mzima. Nimeona watu wakibadilisha kompresa nzima kwa kosa la kibao hicho cha plastiki, na inauma.

Ukiona gari likikimbia AC inapoa, likisimama au likipanda mlima na mzigo inapoteza nguvu, tazama kondensa na feni yake. Pikapu zinazopita barabara za vumbi na tope za Mwakaleli na Lwangwa, au zinazoingia mashamba ya chai, hubeba udongo kwenye wavu ule hadi mapengo yanaziba. Kuosha kwa maji ya kawaida, bila shinikizo kali linalopinda mapezi yake, kunaweza kurudisha sehemu ya baridi iliyopotea. Na kama AC inapoa dakika chache, inakata, kisha inarudi baada ya kuzimwa, yawezekana kuna unyevu ndani ya mfumo unaoganda kwenye tundu la valvu.

Baada ya hayo ndipo gesi iulizwe, na uvujaji utafutwe kwa macho na mikono. Oili inaposafiri na gesi huacha alama, hivyo mahali penye mafuta yaliyonasa vumbi kwenye maungio ya bomba panastahili kushukiwa kwanza. Maji ya sabuni huonyesha mapovu kwenye tundu la wastani. Kwa matundu madogo hutiwa rangi maalumu inayong'aa kwenye taa ya urujuani, ukatembea siku kadhaa kisha ukarudi kukaguliwa. Wakati mwingine kinachopatikana ni mpira mdogo wa duara kwenye ungio, kitu cha bei ndogo kabisa kulinganisha na mtungi wa gesi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila fundi na kila mwenye gari wa Rungwe alijue, maana vitabu vingi vimeandikiwa watu wa tambarare. Geji ya gesi husoma kufuatana na joto la hewa. R134a iliyotulia ndani ya gari lililozimwa huonyesha karibu psi 70 nje kukiwa na nyuzi 20, na hukaribia 100 nyuzi zikifika 30. Kiasi cha gesi ni kilekile, mshale tu ndio umehama. Fundi wa hapa mjini akijaza siku ya mvua huku akisubiri mshale ufike pale ulipofika alipojifunzia kazi Dar es Salaam, atakuwa amejaza kupita kiasi. Tukuyu hutajua, kwa kuwa hata dirisha wazi linatosha kukupoza. Ukishuka Kyela, kwenye joto la tambarare, shinikizo linapanda mno, swichi ya usalama inakata kompresa, na unapulizwa upepo wa moto ukiwa na gesi nyingi kuliko inayohitajika. Unarudi kulalamika, na unaambiwa gesi imeisha.

Dawa yake ni mizani. Chini ya boneti au karibu na rejeta pana kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Kwa pikapu nyingi ni nusu kilo hivi, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Gesi iliyobaki inyonywe, mfumo utolewe hewa, kisha uwekwe uzito ule uliotajwa. Ukipimwa kwa gramu, haijalishi kama nje kuna ukungu wa Tukuyu au jua la Kyela. Mashine ya namna hiyo usipoipata hapa, safari ya Mbeya mjini ina faida kuliko kujaziwa kwa kukisia mara tatu.

Kutoa hewa nako kuna siri ya mlimani. Pampu ya vakyumu huachwa inafanya kazi nusu saa au zaidi ili unyevu uchemke na kutoka, kwa sababu maji yakichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula mfumo kutoka ndani. Vitabu husema mshale ushuke hadi karibu inchi 30 za zebaki. Kwenye mwinuko wetu hautafika huko: hewa ya mita 1,500 ni nyepesi, na mshale utaishia karibu 25 hata pampu ikiwa mpya na mfumo mzima kabisa. Asiyelijua hili atatafuta tundu ambalo halipo. Cha kutazama ni kama mshale unabaki palepale baada ya pampu kuzimwa. Ukirudi taratibu, hapo kuna pa kutafuta.

Kuna mkato mmoja ambao siwezi kuunyamazia. Gesi ikipungua sana, swichi ya shinikizo la chini huzuia kompresa isizunguke, na inafanya hivyo kuilinda, kwani bila gesi hakuna oili inayofika. Baadhi ya mafundi huunganisha waya dairekti kuipita swichi hiyo. AC inawaka, mteja anafurahi, na kompresa inasagika hadi vipande vya chuma vinasambaa kwenye kondensa na valvu. Kazi iliyokuwa ya mpira mmoja inageuka kuwa ya mfumo mzima.

Mtungi wenyewe nao uuangalie. Mwaka 2011 makontena ya jokofu yalilipuka na kuua wafanyakazi watatu nchini Vietnam na Brazil. Ilibainika kwamba ndani yake ilitiwa gesi iliyouzwa kama R134a huku ikiwa imechanganywa na kemikali nyingine inayomenyuka na aluminiamu. Wengine hujaza gesi ya kupikia kwa sababu inapoza na ni rahisi. Ni kweli inapoza, lakini evaporeta iko ndani ya kabini, mbele ya magoti ya abiria, na gesi hiyo ikivuja hapo inahitaji cheche moja tu.

R134a nayo haitakuwa nasi milele kwa bei ya leo. Haiharibu tabaka la ozoni kama R12 iliyoitangulia, ile iliyopigwa marufuku kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ukaa. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake. Katika ratiba zilizopewa nchi nyingi zinazoendelea, matumizi yanagandishwa kuanzia 2024 na kushushwa hatua kwa hatua hadi 2045. Magari mapya ya Ulaya yameshahamia gesi nyingine, na pikapu mpya inayoingia leo inaweza kuwa nayo. Gesi hizo mbili hazichanganywi, kwa hiyo kibandiko kisomwe kabla ya mtungi kufunguliwa.

Na ile waranti iliyokwisha? Wengi walionunua pikapu mtumba kutoka Japani hawakuwahi kuwa nayo. Walionunua mpya wajue kwamba waranti huhesabiwa kwa miaka au kilomita, kimojawapo kikitangulia, na kwamba malalamiko yaliyoandikwa kwenye kadi ya kazi kabla ya siku hiyo yana uzito ambao maneno ya mdomo hayana. Kama AC ilikuwa dhaifu mwaka wa pili ukaiacha kwa sababu Tukuyu ni baridi, huna karatasi. Anayebakiza miezi michache ya waranti ashuke Kyela saa saba mchana na kipimajoto, akipachike kwenye tundu la upepo. AC nzima itatoa hewa iliyo baridi kuliko ya nje kwa nyuzi kumi na tano au zaidi. Isipotoa, aandike tarehe, kilomita na kipimo, na ampelekee muuzaji kwa maandishi, abaki na nakala.

Muda ukishapita, bado inafaa kuomba. Kampuni za magari wakati mwingine huchangia gharama ya kifaa kilichokufa muda mfupi baada ya waranti, hasa gari likiwa na rekodi kamili ya sevisi. Kondensa au kompresa mpya utakayofungiwa iwe na waranti yake kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, na spea bandia ni jambo inalolishughulikia. Lakini huwezi kupeleka malalamiko kwa kifaa ambacho huna risiti yake.

Upande wa mafundi nao una haki ya kusemewa. Katika vyuo vya VETA, ufundi magari ni fani moja na ufundi wa majokofu na viyoyozi ni nyingine, na AC ya gari imekaa katikati, ikigusa umeme pia. Fundi wa Tukuyu aliyejifunza kwa macho chini ya fundi mwingine anafanya kazi ya fani tatu akiwa na geji moja. Mizani ya gesi na pampu nzuri ni mtaji mkubwa kwa gereji ndogo, lakini gereji mbili tatu za mji huu zinaweza kununua kwa pamoja na kupokezana, na wenye pikapu wangeacha kuzipeleka Mbeya. Mafundi wanaohitaji wateja hao wapo hapahapa, kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Kyela.