Nywele nyepesi: mbele ya kukimbilia meshi

Kwa Goma na Bukavu, wamama wengi wakiona nywele zimekuwa nyepesi, wanaongeza meshi. Lakini mara mingi meshi yenyewe ndiyo inazimaliza: ikisukwa ya kukaza, inavuta mizizi kwenye paji la uso na karibu na masikio. Kichwa kikiuma ao kikitoka vipele baada ya kusukwa, zifunguliwe. Kusema «utazoea» si jibu. Mtu akiacha mapema, nywele zinaweza kurudia. Ikiendelea miaka, mizizi inakufa.

Kwa nyumba, zioshwe, zipakwe mafuta kidogo tu, maana mafuta mingi inazilaza. Zingali na maji kidogo, zisukwe mistari minene sita ao nane, bila kukaza. Asubuhi, zikisha kukauka kabisa, zifunguliwe kwa vidole, kisha kitana kiinue kwenye mizizi tu. Wenye haraka wanazifungua zingali mbichi, zinalala tena.