"Dainamo" na "Altaneta"

Mafundi wengi huita kila kifaa cha kuchajia betri ya gari "dainamo". Katika mazungumzo hapana dhara. Katika kitabu cha ufundi lipo. Kwa Land Rover za miaka ya 1950, fundi huzitoa nyaya kwenye ncha D na F za dainamo, huziunganisha ncha hizo kwa waya mfupi, kisha hupima volti baina yake na bodi, injini ikienda polepole. Volti zikipanda sawasawa, hitilafu imo katika nyaya au kidhibiti. Altaneta haipimwi hivyo. Diodi zake huweza kuungua ikizungushwa bila betri. Kwa hiyo twapendekeza istilahi hizi zisichanganywe. Aidha, katika magari hayo ncha ya betri ifungwayo kwenye bodi ni chanya. Mfasiri asiisahihishe akidhani ni kosa la chapa.