Darasa la Marika Mbalimbali Milimani Uluguru

Mtoto wa Mgeta, milimani Uluguru, aliyefikisha miaka 12 bila kuandikishwa shuleni hakukosa elimu kabisa, maadamu tangu alipoweza kushika jembe amekuwa akifuatana na dada zake hadi mashamba ya mteremkoni, akionyeshwa namna ya kuchimba ngazi za udongo ili mvua isichukue rutuba, namna ya kuatika miche ya kabichi, na namna ya kufunga tenga la mboga za kupeleka gulioni Nyandira. Alichokosa ni kusoma na kuhesabu. Na fauka ya hayo anaona haya kuketi darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka 7, wanaomcheka kwa urefu wake. Haya hiyo, kwa maoni yangu, huwazuia wengi kuliko ufukara wenyewe.

Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na UNICEF, ilianzisha Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, yaani MEMKWA, uliojaribiwa tangu 1999 katika wilaya za Kisarawe, Masasi, Musoma, Ngara na Songea, kisha, karo ya shule za msingi ilipokwisha kufutwa, ukaenezwa nchi nzima. Wadogo wasiozidi miaka 13 husoma miaka 3, wakafanya mtihani wa darasa la nne na kuingia la tano. Wakubwa wa miaka 14 hadi 18 hutayarishwa kwa mtihani wa darasa la saba. Mwezeshaji, yaani anayewafundisha, aghalabu ni kijana wa kijiji hichohicho, na posho yake, hilo lazima lisemwe, mara nyingi ilichelewa.

Katika darasa la MEMKWA, lenye marika mbalimbali, aliyeelewa kugawanya humwelekeza jirani yake, awe mkubwa au mdogo, wala hapana ajabu, kwani Waluguru, ambao ukoo na ardhi yao hufuata upande wa mama, wamezoea mwali kufundwa na kungwi na dada waliomtangulia. Ila ndani ya mila hiyohiyo mna tatizo, kwa kuwa siku za mwali kuwekwa ndani zilimtoa msichana shuleni, na aliporejea wenzake wamekwisha kusonga mbele.

Kizuizi kingine kwa msichana kilikuwa uzazi, ila tangu Novemba 2021 aliyejifungua ameruhusiwa kurudi masomoni. Ruhusa hiyo ni njema, lakini mwanawe atalelewa na nani asubuhi nyanya yake akiwa shambani? Hapo wilaya zingetenga fungu la mlezi, kando ya posho ya mwezeshaji.